Sahihi za Soda

Vijana wa kigango chetu hapa Kagondo mliniomba niwaandikie siri za kufanya kazi na mashirika, kwa sababu mmesikia niliifanya kazi hiyo mpaka nikaota mvi. Nimeandika. Siri sina. Nina sanduku la madaftari ya kaunta, maana kila jioni nilikuwa naandika mambo ya siku, na juzi nilipoyasoma upya kuna kurasa zilinifanya nijiulize kama aliyeandika ni mimi au ni mtu mwenye njaa. Shule niliishia kidato cha pili. Kwa hiyo mkinisikia nazungumza habari za dunia, mjue nazizungumza kama mtu aliyeiona dunia kupitia dirisha la gari la mradi, tena akiwa amekaa siti ya nyuma na maboksi.

Cheo changu kilikuwa mhamasishaji jamii. Kazi yenyewe ni kuwaita watu waje kusikiliza jambo ambalo hawakuliuliza. Nimewaitia watu choo, nimewaitia chandarua, nimewaitia mnyauko wa migomba, haki za watoto, uzazi wa mpango mbele ya paroko, na mwishoni hali ya hewa ya dunia nzima. Nimefanya kazi kwa mashirika matatu. Fulana nilizopewa bado nazilimia.

Aliyenifundisha ni Ta Fidelis (Ta kwetu ni heshima ya mzee), ambaye alikuwa katekista kabla hajaingia kwenye mashirika, na aliniambia tofauti ni ndogo. Alinipa mafunzo mawili tu. La kwanza, kikao usikiite kwa barua. Tafuta mwanamke mmoja ambaye wengine wakimwona anatoka na kitenge chake cha Jumapili wanauliza anakwenda wapi. Ukimpata huyo, umepata kijiji. La pili, soda isitoke kabla ya mwisho.

Somo la pili sikulielewa mpaka nilipolivunja. Tulikuwa Ngenge, jua kali, watu wamekuja kwa miguu kutoka mbali, nikaona huruma nikafungua kreti mapema. Mtaalamu wa vyoo alipofika ukurasa wa pili wa mada yake, tulikuwa tumebaki mimi, mwenyekiti wa kitongoji, na mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Lakini karatasi ya mahudhurio ilikuwa imeshazungushwa, imejaa majina mbele na nyuma. Kwenye ripoti kikao kile kilifana sana. Siku ile niliandika kwenye daftari: "Watu wameondoka, karatasi imebaki, na karatasi ndiyo iliyohesabika." Nilidhani nimeandika kichekesho.

Lazima niwaeleze hiyo karatasi, maana habari yote iko hapo. Kila kikao cha shirika kina karatasi inayozunguka. Unaandika jina, kitongoji, namba ya simu kama unayo, unaweka sahihi. Ukishasaini, unapata soda na mkate. Watu wetu walizoea hivyo kama walivyozoea kupiga ishara ya msalaba wakiingia kanisani. Hakuna aliyeuliza karatasi inakwenda wapi. Mimi mwenyewe nilidhani inakwenda kwenye kabati la ofisi Bukoba, inakaa humo mpaka mchwa waihudumie.

Nilichokiona kikibadilika katika miaka hiyo ni shida. Mwanzoni wageni walikuja wakauliza, mna shida gani? Watu wakasema maji, na kweli kisima kikachimbwa, mpaka leo kinatoa maji. Baadaye wageni walianza kuja na shida tayari imo kwenye begi. Ukiwaambia maji, wanakusikiliza kwa adabu halafu wanarudi kwenye ile ya kwao, kwa sababu huko juu kuna mtu ameshaamua kwamba miaka hii dunia inashughulikia kitu fulani. Watu wetu si wajinga. Mzee mmoja, Ta Pastori, alikuwa akinivuta pembeni kabla ya kikao na kuniuliza taratibu, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu Deo, mwaka huu shida yetu ni ipi?" Nikimwambia, anakwenda kuwaandaa wenzake, na wageni wanafurahi kukuta jamii yenye mwamko.

Msicheke sana, kwa sababu hapa nataka nitende haki. Dada yangu Anastazia yuko hai. Ule ugonjwa ulipotumaliza huku kwetu, dawa zilikuwepo duniani lakini zilikuwa za matajiri. Mashirika yalipiga kelele ng'ambo, yakabeba picha na majina ya watu kama dada yangu kwenye mikutano ya wakubwa, yakawaaibisha wenye viwanda na wenye serikali mpaka bei ikashuka na dawa zikafika zahanati. Sisi tusingeweza. Mbunge wetu asingeweza. Kwa hiyo mtu akiniambia mashirika ni wezi watupu namwonyesha Anastazia akipalilia maharage. Ila kelele ile ile iliyomwokoa dada yangu ndiyo iliyotaka kumla Ma Koku, na tofauti kati ya hizo mbili nimeitafuta kwenye madaftari yangu, sina hakika kama nimeipata.

Ma Koku alikuwa ndiye mwanamke wangu wa kitenge katika kijiji kimoja upande wa Izigo. Ni mjane. Alipofiwa na mume, kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilirudi kwenye ukoo kama desturi inavyotaka, na shemeji yake akamwachia chumba na migomba ya kula. Cha kwake mwenyewe kilikuwa omusiri wake. Nyie mliozaliwa mjini huenda hamjui. Ng'ambo ya vibanja kuna rweya, mbuga ya nyasi ya kijiji kizima. Huko wanawake hukata nyasi za kutandika ndani na kwenye migomba, na kila mmoja hulima kipande chake cha njugu mawe na viazi. Hicho kipande ndicho omusiri. Mume hakigusi, shemeji hakigusi. Njugu za Ma Koku ndizo zilizomvalisha, na ndizo zilizomfanya asimwombe mtu chumvi.

Sasa mgeni akisimama barabarani akatazama rweya, anaona nini? Nyasi tupu. Ardhi iliyochoka. Nami sikumlaumu mtu kwa hilo, hata mimi nikitazama jangwa la watu wengine nitaona mchanga.

Shirika langu la tatu lilikuwa la miti. Liliongozwa kutoka Ulaya na Dada Klara, mama wa makamo, mwenye viatu vizuri vya matope. Alikuwa mtu mwema, naandika hivi bila kejeli. Alijifunza kusalimia kwa Kihaya, alilala kwa Ma Koku siku mbili, alikula senene bila kufumba macho. Alitueleza kwamba miti ikipandwa rweya, itameza moshi wa viwanda vya kwao, na wenye viwanda watatulipa kwa kumezewa. Nikatafsiri. Ma Koku akauliza, kama moshi ni wao, kwa nini miti isiote kwao. Klara alicheka mpaka akatoa miwani, akaliandika swali. Kulijibu hakulijibu, lakini aliliandika.

Tulifanya vikao vitatu. Katika kikao cha tatu watu walikubaliana: miti ipandwe kule chini kwenye mawe, upande wa chemchemi, emisiri, yaani vile vipande vya wanawake, isiguswe. Ma Koku ndiye aliyelisema, wengine wakaitikia, Klara akatikisa kichwa kwamba ameelewa, nami nikaliandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kikao. Karatasi ikazunguka. Soda ikatoka mwisho, kama alivyoagiza Ta Fidelis.

Kosa langu ni hili, na ndilo hasa mlilolipia kwa kusoma mpaka hapa. Fomu zilizochapwa zilikuwa zimekwisha. Nikatumia karatasi za mistari. Ukurasa wa kwanza niliandika kichwa kizuri: mahudhurio ya kikao, tarehe, mahali, na chini yake uamuzi uliofikiwa, niliounakili kutoka kwenye daftari langu. Kurasa zilizofuata sikuandika kichwa. Nilichora mistari tu, majina na sahihi, majina na sahihi. Ulikuwa uvivu. Niliona anayesoma ataelewa kwamba ni mwendelezo.

Karatasi ya majina na sahihi isiyo na kichwa, vijana, ni kama hundi isiyoandikwa kitu. Yeyote anaweza kuiwekea kichwa anachotaka.

Miezi ikapita. Meneja wetu wa Bukoba, kijana aliyesoma vizuri, nisimtaje jina maana bado anatafuta kazi, aliniambia kuna mkutano mkubwa wa dunia huko ng'ambo na kijiji chetu kitaonekana moja kwa moja kwenye skrini. Tukakodi ukumbi, jenereta, projekta. Meneja akaagiza soda zigawiwe mwanzoni, ili watu wa ng'ambo wakitutazama watuone tumechangamka. Nilimwambia habari za Ta Fidelis. Akaniambia, "Mzee Deo, hiyo ni mbinu ya zamani." Nikagawa. Ma Koku nikamweka mbele kabisa, kwa ajili ya picha.

Ukutani tukaona ukumbi wenye viti vingi kuliko kanisa kuu la Bukoba. Mataifa yamekaa, kila taifa na kibao chake, mawaziri wamevaa suti wanaandika kama wanafunzi. Aliyekuwa anawafundisha hakuwa rais. Alikuwa Klara. Sisi huku diwani tunamchagua kwa foleni juani, na akifika wilayani Muleba anasubiri nje ya mlango. Klara hakuchaguliwa na mtu hata mmoja wa Izigo, wala sidhani kama alichaguliwa kwao, lakini waziri alikuwa anamtazama kama anatazama mkaguzi wa shule. Nilijivuna, sitaficha. Niliwaza, yule kalala kwa Ma Koku.

Halafu nyuma yake ikatokea karatasi, kubwa ukuta mzima. Mistari yangu iliyopinda. Majina yetu. Na katikati, ile K ndefu yenye mkia ambayo Ma Koku alijifunza kwenye elimu ya watu wazima na huwa anaiandika taratibu ametoa ulimi.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Meneja alikuwa ananinong'oneza Kiswahili, mimi nawapa watu Kihaya. Akaninong'oneza, "Sema hawa wanakijiji wameomba rweya yote iwe msitu, na wanaitaka serikali yao itie sahihi azimio la mkutano."

Nikageuka kwa watu nikasema, "Anawashukuru kwa ushirikiano."

Daftari la siku hiyo linasema nilifanya hivyo ili kuzuia taharuki. Leo naona niliogopa tu. Na ulikuwa uoga wa kijinga, maana Ma Koku alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwetu na Kiswahili anakisikia kuliko mimi.

"Deo," akasema, sauti ile ile ya kuomba kibiriti. "Ile pale ni sahihi yangu?"

"Ndiyo, Ma."

"Nilisaini nini?"

"Mahudhurio, Ma. Ya kikao."

"Na rweya nilimpa nani?"

Nikamgeukia Meneja, nikamwambia karatasi ile ni ya mahudhurio na uamuzi ulikuwa mwingine. Akanijibu bila kutoa macho kwenye skrini kwamba muda ni mdogo na jambo hilo litarekebishwa kwenye ripoti. Kwa kumtendea haki, alikuwa anatokwa jasho, na sidhani kama alijua kabla. Karatasi zilipita mikono mingi. Mmoja alizitoa kwenye kabati, mwingine akazibana pamoja, wa tatu akaona ukurasa wa kwanza ni wa lugha asiyoijua akauacha. Ukitafuta mwovu hapo unaweza usimpate. Unampata mhamasishaji aliyeona uvivu kuandika kichwa.

Ikafika zamu ya kijiji kusema. Meneja akampa Ma Koku kipaza sauti na karatasi iliyochapwa, asome shukrani. Ma Koku akaisoma moyoni mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kifundo cha kitenge. Akaitazama kamera, akasema kwa Kihaya:

"Klara, ulikula njugu zangu. Shamba ulilolitoa kwa watu hao ndilo lililokulisha. Mimi sijalitoa."

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili, kwa sauti. Meneja akachukua kutoka kwangu kwenda Kiingereza. Nikasikia ameshukuru mara mbili. Katika maneno ya Ma Koku hamkuwa na shukrani hata moja, na neno hilo la Kiingereza ndilo ninalolijua vizuri kuliko yote, maana ndilo nililoishi nalo.

Ma Koku alilijua pia. Hakubishana naye. Aliwageukia watu wote ukumbini, akainua chupa yake.

"Mliosaini kwa ajili ya soda, inueni chupa."

Wote wakainua. Ta Pastori alikuwa ameshamaliza yake, akainua tupu. Hata mimi niliinua, na mimi ndiye niliyezileta. Chupa juu, macho kwenye kamera. Niliwaza, sasa dunia imeelewa. Hili halihitaji mkalimani.

Ukutani ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mawaziri walitabasamu. Mama mmoja mwenye visikilizio masikioni alifuta machozi. Walidhani tunawatakia heri. Makofi yakaendelea mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, tukabaki tunautazama ukuta.

Picha ile ikawa kalenda. Niliiona baadaye Muleba kwenye ofisi moja, imetundikwa juu ya meza: watu wa Kagera wakisherehekea msitu wao. Ma Koku mbele, chupa juu. Amependeza, hilo sibishi.

Waliokuja baadaye na ramani walituambia dunia imeshakubali. Lakini ardhi ya kijiji haitoki bila mkutano mkuu wa kijiji, hata dunia ikubali mara ngapi, na mkutano ukaitishwa. Afisa aliyekuja na ramani alirudia habari ya dunia. Ma Koku akamuuliza taratibu dunia ilipita lini hapa, maana yeye siku hiyo huenda alikuwa rweya. Watu wakacheka, lakini mikono yake nilikuwa naiona, ilikuwa inasokota ncha ya kitenge kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Rweya ikienda, yeye angerudi kuwa mtu wa kuachiwa.

Nikasimama na daftari. Nikasoma ukurasa wa kwanza wote, uamuzi wa kikao cha tatu. Nikasema pia kwamba kurasa zisizo na kichwa ni zangu, na kwamba siku ya skrini niliwadanganya. Mzee mmoja akaniambia nimekunywa na mashirika miaka yote, leo nimeshiba ndiyo natapika mbele yao. Nililiandika kwenye daftari, kwa sababu sikuona lilipokosea.

Mkutano ukaamua vile vile kama kikao cha tatu. Miti chini kwenye mawe, emisiri ibaki. Shirika halikuniongezea mkataba. Mkisikia watu wanasema nilistaafu, ni neno la heshima. Klara aliniandikia barua ndefu, akasema aliletewa karatasi na akaziamini, kwamba ameomba kusahihisha na ameambiwa azimio limeshapita. Nadhani alisema kweli. Alimtumia Ma Koku mwavuli.

Na kwa haki, miti ya kule chini imeota. Chemchemi haikauki siku hizi hata kiangazi. Nimeyanywa maji yake, ni mazuri, na inaniudhi kidogo.

Kwa hiyo ushauri wa kazi ninao mmoja tu. Andikeni kichwa kila ukurasa. Siku ile ya mkutano mkuu karatasi ya mahudhurio ilipomfikia Ma Koku hakusaini. Aliuliza kichwa kiko wapi, akaomba kalamu, akaandika mwenyewe juu kabisa, ulimi nje: "Tumehudhuria. Hatujakubali." Ndipo akasaini. Siku hizi upande ule wa Izigo wanawake wakipewa karatasi huandika pembeni ya sahihi, "soda". Wageni wanadhani ni jina la ukoo.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsomea maandishi haya, maana humu yeye yumo kuliko mimi. Alisikiliza akimenya njugu. Nilipomaliza nikamwomba aweke sahihi kwamba ndivyo ilivyokuwa, ili nyie vijana msidhani nimetunga. Soda sikuwa nayo. Alichukua kalamu, akatafuta nafasi chini ya mstari wangu wa mwisho, akaandika K yake na mkia wake, halafu akaongeza pembeni:

"Nimesomewa. Sijakubali yote."